Bastola kulia, kisu kushoto

Msomaji mmoja, Mtanzania anayeishi Houston, Texas, ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Naendesha gari la kampuni la kusambaza mizigo, nashuka na kupanda siku nzima. Nina leseni ya Texas ya kubeba bastola. Nabeba Glock 19 ndani ya suruali, kwenye nyonga ya kulia, na kisu cha kukunja nimekibana mfuko wa kulia wa mbele kwa kuwa natumia mkono wa kulia. Ikifika mchana nyonga inauma, shati linanasa kwenye kibanio cha kisu, na nikikaa naona bastola inasukumwa nje. Niache kimoja?"

Marahaba, ndugu yangu. Usiache kimoja kwanza. Hamishia kisu mfuko wa kushoto wa mbele, kiwe chembamba na chepesi kuliko hicho ulicho nacho, kisha ukague mkanda wako wa suruali. Upande wa kulia ubaki na bastola peke yake: usiweke funguo wala simu, na pochi pia iondoke. Maumivu yako mengi yataisha hapo hapo. Nitakueleza sababu, kwa sababu ukizijua utaweza kujipangia mwenyewe hata ukibadilisha suruali, gari au kazi.

Anza na kiti cha dereva. Huku Marekani dereva anakaa kushoto, na kile kifungio cha mkanda wa siti kiko kulia kwake, sawasawa na nyonga uliyoibebea bastola. Nyumbani Tanzania ni kinyume chake, na ndiyo maana mtu aliyezoea kuendesha Dar es Salaam halioni jambo hili mapema. Kwa hiyo ukikaa, nyonga yako ya kulia ina mfupa wako, ala ya bastola, mpini wa bastola, kifungio cha siti, na chini kidogo, kisu. Paja linapokunjwa, mfuko wa mbele unajikunja nalo na kile kisu kinasimama wima kikisukuma ala kutoka chini. Bastola haina pa kwenda ila juu na nje. Hivyo ndivyo unavyohisi inasukumwa, na hivyo ndivyo mpini unavyoanza kuchomoza chini ya shati mpaka mtu wa pembeni aone.

Glock 19 ikiwa imejaa risasi ina uzito wa karibu gramu 850. Hukuniambia kisu chako ni aina gani, lakini vile vikubwa vya kukunja ambavyo vijana wengi hununua kwanza huzidi gramu 150, na Buck 110, kisu maarufu kilichotoka mwaka 1964, kinapita gramu 200. Weka mizigo yote miwili upande mmoja na una kilo moja hivi inayoning'inia kwenye nyonga moja. Kila ukiruka kutoka kwenye gari inavuta mkanda chini, nawe unaupandisha. Ukiupandisha mara nyingi utaukaza zaidi, na mkanda uliokazwa sana ndio unaoukandamiza mshipa wa fahamu wa mbele ya nyonga hadi paja linaanza kufa ganzi. Ukihisi ganzi au kuwaka moto ubavuni mwa paja, legeza siku hiyo hiyo na usivumilie kwa kiburi cha kiume. Ikiendelea, muone daktari.

Kuhusu mkanda wenyewe nitakuwa mkali kidogo. Watu hununua bastola ya mamia ya dola wakaifunga kwa mkanda wa dukani wa ngozi laini unaojikunja kwa uzito wa simu. Mkanda wa kubebea bastola unatakiwa uwe mgumu: ukiushika kwa ncha mbili na kuupinda kwa upana wake, usikubali kujikunja kirahisi. Iwe ni ngozi ya tabaka mbili au nailoni iliyotiwa plastiki ndani, haidhuru. Mkanda mgumu hugawa uzito kiunoni pote badala ya kuuacha kwenye sehemu moja ya mfupa, na hauhitaji kukazwa sana. Suruali nayo, kama unabebea ndani, iwe na upana wa inchi moja au mbili zaidi ya kiuno chako. Hapo ndipo ningetumia pesa yangu ya kwanza, kabla hata ya kisu kipya.

Sasa kisu. Desturi ya kukibana kisu kwenye ukingo wa mfuko ilienezwa na kampuni ya Spyderco ya jimbo la Colorado, ilipotoa mwaka 1981 kisu kilichokuwa na kibanio ubavuni na tundu la mviringo kwenye bapa la kufungulia kwa kidole gumba. Kabla ya hapo kisu cha kukunja ama kilizama chini ya mfuko pamoja na sarafu, ama kilivaliwa kwenye ala yake mkandani. Kibanio kilikuwa msaada mkubwa kwa mtu wa kazi. Lakini karibu visu vyote vinatoka kiwandani vikiwa vimefungwa kibanio kwa ajili ya mkono wa kulia, na ndiyo maana hata wewe ulikiweka huko bila kufikiri. Geuza kisu chako utazame ubavu wa pili. Ukiona matundu madogo ya skrubu, kibanio kinahamishika kwa bisibisi ndogo na una kazi ya dakika chache tu. Usipoyaona, kisu hicho ni cha mkono wa kulia peke yake, na kukiweka kushoto kutakufanya ukigeuze mkononi kila ukikitoa. Kiache nyumbani.

Angalia pia kinavyofungwa bapa likishafunguka. Visu vingi vina bati la ndani linaloteleza kushika kitako cha bapa, na bati hilo limekaa mahali linapofikiwa na kidole gumba cha kulia. Kwa mkono wa kushoto utalazimika kulisukuma kwa kidole cha shahada, na vidole vinapita karibu na makali bapa linapojikunja. Kinachofaa kwako ni kile chenye kitufe mgongoni mwa mpini, au chenye kipini cha kuvuta pande zote mbili, kama kampuni ya Benchmade wanavyofanya. Mkono wowote unakifunga. Mfano ninaoupenda kwa mtu wa kazi kama yako ni Spyderco Delica: gramu 71, bapa lisilofika inchi tatu, mwembamba, na kibanio chake kinafungika sehemu nne, kushoto na kulia, ncha juu au ncha chini. Sikuambii ununue huo huo. Nakupa kipimo: chini ya gramu 100, unene usiozidi kidole chako kidogo, mpini usio na meno makali, kwa sababu mpini wa kukwaruza uliobanwa kwa chuma utakutafuna ukingo wa mfuko kwa miezi michache na kukuchubua ngozi ya mkono kila unapoingiza mkono kutafuta kalamu.

Kuna hatari moja ya kisu kinachobebwa ncha juu, na wauzaji hawaisemi. Bapa likilegea mfukoni, ncha inakuwa pale pale unapoingiza vidole. Kinga yake ni kukisukuma kisu mpaka kigote mshono wa nyuma wa mfuko, mgongo wa bapa ukiegemea mshono huo. Hapo hata kikitaka kufunguka, kitambaa kinakizuia. Kisu kikielea katikati ya mfuko hakina kizuizi hicho. Na ukibana namna hiyo kinakaa mbali na mkunjo wa paja, kwa hiyo ukikaa hakikuchomi. Mkanda wa siti unapita juu yake bila shida kama ni chembamba.

Utaniuliza: mkono wa kushoto ni mzito, nitaweza? Utaweza. Unakata maboksi, kamba na nailoni, hushindani. Fungua na kufunga kwa mkono wa kushoto ukiwa umekaa mezani jioni, taratibu, bila mtoto pembeni, na baada ya wiki chache mkono utazoea. Ukihitaji kukata kwa uangalifu mkubwa, kitoe kwa kushoto ukihamishie kulia. Hakuna haraka yoyote katika kazi ya boksi.

Sababu ya pili ya kuusafisha upande wa kulia ni shati. Bastola ya kufichwa hutolewa kwa kuinua shati kwanza. Kibanio cha kisu kikiwa inchi mbili kutoka kwenye ala, pindo la shati linanasa hapo, kama ulivyoeleza. Wewe unaliona kama kero ya mchana kutwa. Mimi naliona pia kama shati litakalobaki nusu limeinuka ukisimama dukani, mpini uko wazi na wewe hujui. Vilevile kibanio cha chuma hukwaruza ala ya plastiki. Na liko jambo ambalo sina mzaha nalo: kitu chochote kigumu kisicho na mahali pake kikikaa karibu na triga ni hatari. Kama siku moja utaamua kubeba bastola ndogo mfukoni badala ya kiunoni, mfuko huo usiwe na kitu kingine hata kimoja, na bastola iwe kwenye ala inayofunika triga yote. Kisu na bastola havikai mfuko mmoja kamwe.

Walimu wengi huku watakuambia kisu kiwe kushoto kwa sababu nyingine: mtu akikung'ang'ania bastola, mkono wako wa kulia uko kazini kuikandamiza isitoke, na wa kushoto ndio ulio huru. Hoja hiyo ni ya kweli na imetoka kwa polisi. John Benner, mkufunzi wa polisi na mwanzilishi wa shule ya Tactical Defense Institute ya Ohio, alibuni kwa sababu hiyo kisu kifupi kisichokunjwa, chenye mpini uliopinda, ambacho kampuni ya Ka-Bar wanakiuza mpaka leo. Lakini polisi anavaa bastola wazi na kazi yake ni kuwakamata watu. Wewe unapeleka mizigo. Bastola yako haionekani, na mtu asiyeiona hawezi kuigombania. Ninakuomba ukihesabu kisu chako kuwa kifaa cha kazi. Kumchoma mtu kisu, kwa sheria za Texas, kunapimwa kama nguvu ya kuua sawa na kumpiga risasi, na kisu cha kukunja ni vigumu kukifungua mtu akiwa amekushika. Ukitaka kubeba kitu cha pili cha kuokoa maisha, nafasi iliyobaki mfukoni ingefaa zaidi kwa ule mkanda wa kubana mkono au mguu unaovuja damu nyingi. Ajali za barabarani utaziona mara nyingi zaidi kuliko majambazi.

Hukuniuliza habari ya pochi, lakini siwezi kujibu swali la mifuko bila kuigusa, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi watu weusi tunaobeba silaha kihalali kuliko mtu yeyote. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa garini. Alikuwa na kibali halali cha bastola, na alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Aliombwa leseni ya udereva. Sekunde chache baadaye askari, akidai aliamini mkono wa Castile unaifuata bastola, alimpiga risasi akamuua, mchumba wake akiwa pembeni na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari huyo alishtakiwa, na mwaka 2017 akaonekana hana hatia. Castile hakustahili kufa, na mpangilio wa mifuko haukumuua. Nakutajia kwa sababu katika gari lako wewe, ukiombwa leseni, mkono wako utaelekea wapi? Kama pochi iko mfuko wa nyuma wa kulia, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye bastola, na ukipita unakigusa kisu.

Kwa hiyo leseni ya udereva na leseni ya bastola zisikae mwilini ukiendesha. Ziweke juu ya kile kikinga jua cha mbele, au kwenye kibweta kilicho wazi karibu na usukani, kabla hujawasha gari. Ukisimamishwa, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono miwili juu ya usukani. Texas inamtaka mwenye leseni anayebeba bastola kuionyesha leseni hiyo pamoja na kitambulisho askari anapodai kitambulisho. Sema kwa utulivu kwamba una leseni, bastola iko nyonga ya kulia, kisu kiko mfuko wa kushoto, kisha uliza angependa ufanye nini, na usisogeze mkono mpaka akujibu. Taja kisu pia. Askari akikiona kibanio baada ya wewe kusema una bastola tu, anaanza kujiuliza umeficha nini kingine.

Nikirudi kwenye gari: ni gari la kampuni. Hapo kuna jambo la kuliangalia leo kabla ya kesho. Sheria ya Texas inamlinda mfanyakazi anayehifadhi bastola ndani ya gari lake binafsi lililofungwa kwenye maegesho ya mwajiri. Ulinzi huo haufiki kwenye gari linalomilikiwa na mwajiri. Kampuni inaweza kukukataza na kukufukuza kazi. Soma mkataba wako. Kama umekatazwa, basi jibu la swali lako la kama uache kimoja ni ndiyo: ukienda kazini bastola ibaki nyumbani, na kisu kidogo ukiendelee nacho kama kanuni zinaruhusu.

Na kama umeruhusiwa, usiwe mtu wa kuitoa bastola kiunoni na kuiweka mlangoni au chini ya kiti kila ukikaa, halafu unairudisha kila ukishuka. Kila kuishika ni nafasi moja ya kuiangusha, kuisahau au kuiacha triga iguse kitu. Ivae asubuhi, iache humo humo mpaka jioni. Kama hata baada ya mkanda mgumu kile kifungio cha siti bado kinakuumiza, jaribu kuisogeza ala nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, sentimita tatu au nne tu. Wapo madereva wanaoibeba mbele, kati ya kitovu na nyonga, na kwa kukaa wengi wao wanafurahi. Ila mtutu unaangalia paja na kinena. Usiende huko bila mwalimu aliyesimama mbele yako, na bila ala nzuri iliyofunika triga na kubana vizuri.

Choo nacho tusione aibu kukitaja. Ukiwa umebeba kiunoni, fungua suruali huku ukiushika mkanda, ubane tena kwenye usawa wa magoti ili uzito usiivute suruali sakafuni, na bastola ibaki ndani ya ala muda wote. Usiitundike kwenye ndoano ya mlango wala kuiweka juu ya kishikio cha karatasi. Watu husahau, na anayefuata kuingia anaweza kuwa mtoto. Kisu cha mfuko wa mbele hutereza katika mkao huo pia, kwa hiyo kipapase kabla hujatoka.

Upande wa sheria za kisu, Texas ni jimbo lenye nafasi. Tangu 1 Septemba 2017 mtu mzima anaweza kubeba karibu kisu chochote, ila chenye bapa la zaidi ya inchi 5.5 hakiruhusiwi katika sehemu kama shule, hospitali, mahakama, makanisa na misikiti, au baa zinazopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe. Kisu chako cha kazi hakifiki huko. Tatizo linaanza ukivuka mpaka. Chicago inakataza kubeba kwa kificho kisu chenye bapa la zaidi ya inchi 2.5. Jiji la New York linakataza bapa la inchi 4 na kuendelea, na pia kisu chochote kinachoonekana nje ya nguo, maana yake hata kibanio tu kikionekana mfukoni kinaweza kukuingiza matatani. Leseni yako ya bastola ya Texas nayo haitambuliwi New York wala Illinois.

Sehemu inayowanasa wenzetu zaidi ni ofisi ya uhamiaji. Unapokwenda kupigwa alama za vidole au kwenye usaili wa uraia, unaingia jengo la serikali kuu. Bastola hairuhusiwi humo hata ukiwa na leseni, na kisu kinavumiliwa na sheria kama ni cha mfukoni chenye bapa lisilofika inchi 2.5, ingawa mlinzi wa mlangoni bado anaweza kukukatalia. Hata ile Delica niliyoisifu inapita kipimo hicho. Siku hiyo acha vyote nyumbani, usije ukahatarisha faili la familia nzima kwa sababu ya kisu cha maboksi.

Na wengine mnaosoma jibu hili la ndugu yetu: sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kumiliki bastola au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kama bado uko kwenye viza, usinunue, usiazime na usikubali rafiki akuwekee bastola kwenye gari lako kabla hujazungumza na wakili. Kisu cha kukunja hakina katazo hilo.

Ukishapata mkanda na kisu, toa risasi zote kwenye bastola na zipeleke chumba kingine, kagua mara mbili, kisha vaa mpangilio mpya wote ukiwa nyumbani siku ya mapumziko. Kaa kwenye gari lako la kawaida na ufunge mkanda wa siti. Inama ufunge kamba za viatu, nyanyua boksi zito, fikia rafu ya juu, na mwombe mkeo au mtu unayemwamini akutazame nyuma na ubavuni aseme anaona nini. Mahali patakapoanza kuuma ndani ya saa mbili za kwanza ndipo pa kurekebisha: sogeza ala, badilisha kimo cha kibanio cha ala, au legeza tundu moja la mkanda. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia. Ikiwa baada ya hapo Glock 19 bado ni kubwa kwa mwili wako na kiti chako, ziko bastola nyembamba zaidi kama SIG P365, ambayo bila risasi ina karibu nusu kilo tu. Lakini usiinunue kabla ya kujaribu mkanda.